Minki wa Msalaba Mweusi

Simu ililia mara mbili ikakatika. Ikalia tena.

Bodil Tranholm akapokea.

"Shangazi anasafiri saa tano usiku," sauti ya mzee ilisema. "Kasahau koti lake."

"Nimpelekee wapi?"

"Ghala la barafu namba nne, gati la kaskazini. Nenda peke yako. Redio izime, kuna mtu anatusikiliza."

"Sawa, Evald."

"Na kitu kimoja, binti."

"Naam."

"Ukilikosa hilo koti, atakayebaki kuulizwa ni baba yako. Hapo sitaweza kumsaidia tena."

Simu ikakatika.

Bodil akakanyaga mafuta. Volvo yake ya kijivu ilikuwa kuukuu, lakini injini haikuwa ile iliyotoka nayo kiwandani. Barabara ya Hanstholm ilikuwa nyeupe kwa barafu na upepo wa Februari ulikuwa unalipiga gari ubavuni kama mlevi anayetafuta ugomvi.

Shangazi ni meli. Koti ni minki.

Minki wazima, wanaopumua.

Mtu wa Morogoro akiuliza minki ni nini, mwambie ni nguchiro aliyezaliwa kwenye baridi. Mrefu wa mwili, mfupi wa miguu, meno kama sindano, roho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Ngozi yake ndiyo iliyojenga nusu ya nyumba za huku Jutland, Denmark. Tangu mwaka ule serikali ilipoamuru wauawe wote, wagonjwa na wazima, kwa ajili ya ule ugonjwa wa korona, jina hilo likitajwa mezani wazee huweka kikombe chini.

Aksel Tranholm, baba yake Bodil, alitii amri. Aliua mifugo ya maisha yake kwa siku chache. Alikuwa na ukoo wake mwenyewe wa minki, aliouchagua jike kwa jike tangu ujana: weupe kama maziwa, na mgongoni msalaba mweusi unaoshuka mpaka mabegani. Wilaya nzima hakuna mwingine aliyekuwa nao. Baada ya hapo alibaki kukaa dirishani akitazama mabanda matupu.

Mwanzoni mwa wiki hii mtu aliokota minki aliyegongwa na gari karibu na bandari. Mbichi. Bado ana joto.

Mweupe. Msalaba mweusi mgongoni.

Jioni hiyo hiyo polisi walimchukua Aksel. Mzee wa miaka sabini na ushei, kwenye selo, kwa kosa la kuficha mifugo yenye ugonjwa na kuiuza ng'ambo. Hakujitetea. Alisema tu, "Niliwaua wote," kisha akakataa chakula.

Meli ikiondoka na wale minki, ushahidi unaondoka nao. Anabaki mzee na mzoga mmoja.

Aliyempa Bodil nafasi ya kumwokoa alikuwa Evald Nørskov, mkuu wa Idara ya kuzuia magendo upande wa kaskazini. Bosi wake. Kabla ya kuwa bosi alikuwa rafiki wa Aksel tangu shule, mtoto wa mfugaji kama yeye. Na kabla ya hayo yote alikuwa baba wa ubatizo wa Bodil, aliyembeba kanisani akiwa na siku arobaini. Wengine pale Idarani walisema binti asipewe kazi inayomhusu baba yake. Evald alipiga meza.

"Namwamini kuliko nyinyi nyote," alisema.

Bodil alimpenda kwa neno hilo.

Ghala namba nne lilikuwa limefunguliwa. Hakuna mlinzi.

Alichomoa bastola, Heckler & Koch, akaingia akipita ukutani. Ndani taa zilikuwa za buluu. Makasha ya samaki yalipangwa mpaka juu. Alisogea mstari wa kwanza. Wa pili. Alitega pua. Minki ananuka, ukikaa naye siku moja harufu inakaa kwenye nywele wiki nzima.

Samaki tu.

Nyuma yake mlango ukajifunga.

Alikimbia akausukuma. Mlango wa ghala la barafu una kitasa cha ndani, ndiyo sheria, ili mtu asigande humo. Kitasa hakikuwepo. Palikuwa na matundu ya skrubu, mapya, yanang'aa.

Simu haikushika mtandao. Kipimo cha ukutani kilisema digrii ishirini na tano chini ya sifuri.

Bodil hakupiga kelele. Kelele zinamaliza pumzi.

Pembeni palikuwa na foklifti ndogo ya kubebea makasha, Linde, ya betri. Ufunguo hakuna. Alivunja plastiki chini ya usukani kwa kitako cha bastola, akatoa nyaya, akaziunganisha kwa vidole asivyovisikia tena. Mashine ikaguna. Akairudisha nyuma mpaka ukutani, akainua vyuma vyake vya mbele sawa na bawaba, akakanyaga.

Mlango ukalia, haukufunguka.

Akarudi nyuma. Akakanyaga tena.

Mara ya tatu mlango ulitoka na fremu yake.

Nje alikuwepo mtu mmoja mnene ameketi juu ya kreti, anakula mkate wa soseji. Haradali ilikuwa kwenye ndevu.

"Umetokaje?" aliuliza.

"Mlangoni."

Bodil alimpiga kwa kiwiko chini ya sikio, akamkalisha tena pale pale kwenye kreti yake, bastola kifuani.

"Nani kakutuma?"

"Simjui. Sauti tu kwenye simu. Kasema nikufungie mpaka meli iondoke."

"Halafu?"

Yule mtu aliangalia mkate wake ulioanguka. "Halafu nitupe ufunguo baharini."

Bodil alimfunga pingu kwenye bomba, akasimama upepo ukimpiga. Vidole vilianza kuuma, dalili kwamba viko hai.

Peke yako. Redio izime. Ghala namba nne.

Maneno hayo aliyajua yeye na mtu mmoja mwingine.

Hakutaka. Aliligeuza kila upande, labda simu ilidukuliwa, labda ofisini kuna msaliti. Akachukua simu akapiga.

Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Binti," Evald alisema. Alivuta pumzi kidogo. "Uko wapi?"

"Bado nipo ghalani. Mtandao unasumbua. Sijaona kitu."

"Endelea kutafuta. Wamo humo humo."

"Wewe uko wapi?"

"Ofisini Aalborg. Nakunywa kahawa mbaya."

Wakati huo meli ilipiga honi. Honi ndefu, nzito, ya kuwaita wenye mizigo.

Bodil aliisikia kwa sikio la kushoto, kutoka gatini.

Aliisikia kwa sikio la kulia, kutoka kwenye simu.

"Haya, Evald," alisema. "Ngoja nitafute."

Akakata. Alisimama kama mtu aliyemeza mfupa na anasubiri uamue utapita wapi. Kisha akatazama saa. Saa nne na nusu.

Gati la kusini lilikuwa na malori ya majokofu yamepanga foleni ndefu, Scania kwa Volvo, yanasubiri kupanda melini. Yote yamebeba samaki. Yote yananuka samaki. Mahali pazuri kuliko pote pa kuficha minki, maana harufu yake inamezwa. Kuyafungua yote kulihitaji kibali, na kibali kilitolewa na mkuu wa Idara kaskazini.

Bodil alicheka kwa pua.

Akafikiria kama mwizi. Haikusaidia. Akafikiria kama mfugaji.

Ilikuwa Februari.

Kila aliyekulia kwenye mabanda anaijua Februari. Machi ndiyo mwezi wa kupandisha. Kabla ya hapo majike wanakondeshwa. Unawapa chakula kidogo sana, wanabaki kiuno na macho. Ukija kuwashibisha ghafla mwanzoni mwa Machi, wanabeba mimba za watoto wengi. Jike mnene hazai cha maana. Mwizi wa kawaida angewashibisha ili walale safari nzima. Lakini Evald hakuwa mwizi wa kawaida, alikuwa mtoto wa banda. Asingemshibisha jike mwezi wa Februari hata umwekee bastola kichwani. Kwake hiyo ingekuwa dhambi.

Basi humo ndani ya lori moja kulikuwa na majike wenye njaa kali.

Na minki mwenye njaa kuna sauti moja tu anayoingojea duniani.

Kiwanda cha zamani cha chakula cha minki kilikuwa nyuma ya soko la samaki. Siku hizi kinatengeneza chakula cha mbwa. Uani zilipangwa mashine za kulishia ambazo wafugaji walizileta baada ya kufungiwa: vigari vyembamba vya dizeli vya kupita katikati ya vizimba, tangi nyuma, mpira wa kupakulia uji wa samaki mbele. Msimamizi, Gudrun Ladefoged, alitokea mlangoni na sweta lililojaa nywele za paka.

"Unanunua?"

"Naazima."

"Ya kulisha nini? Nchi hii haina minki."

"Ndicho ninachotaka kujua."

Gudrun alimwangalia kwa muda. "We si binti wa Aksel?"

"Ndiye mimi."

"Wanasema kawaficha."

"Wanasema. Nijazie na uji wa samaki."

"Uji wa mbwa ndio uliopo."

"Hawatauliza."

Gudrun alijaza tangi mwenyewe, akamrushia ufunguo. "Klachi yake ina kiburi," alisema. "Kama mwenyewe wa zamani."

Injini ilikohoa, ikashika. Taka-taka-taka-taka. Bodil hakuwa ameisikia sauti ile tangu mabanda ya nyumbani yalipofungwa.

Aliingia kwenye foleni ya malori mwendo wa mtu anayetembea.

Madereva walishusha vioo.

"Dada, banda umelipita, liko nyuma huko."

"Nipakulie na mimi kidogo, sijala tangu asubuhi."

"Usimpe huyo, hata mkewe kaacha kumlisha."

Bodil aliwapungia mkono. Taka-taka-taka. Lori la kwanza, kimya. La pili, la tatu, mngurumo wa majokofu tu. Alifika katikati ya foleni. Hakuna. Meli ilikuwa imeshaanza kupandisha malori ya mbele. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile, akaanza kufikiri kwamba amekosea, kwamba baba yake atakufa kwenye selo akisema niliwaua wote.

Ndipo akalifikia Scania jekundu lenye picha ya chewa ubavuni.

Kwanza ilikuwa kama mkwaruzo. Kucha kwenye waya.

Kisha mmoja akalia. Wakalia kumi. Wakalia wote, kilio kile kikali cha kupasua sikio, kikitoka kwenye matundu ya hewa nyuma ya kichwa cha lori. Foleni nzima ikanyamaza. Madereva waliokuwa wanacheka waliacha midomo wazi. Wengine walikuwa watoto wa wafugaji. Mmoja alivua kofia.

Mlango wa Scania ukafunguka. Akashuka Lorenz Vaal, mfanyabiashara wa magendo ambaye Idara ilikuwa na picha yake ukutani kwa muda mrefu. Koti la ngozi, kidevu kimenyolewa, Glock mkononi.

"Zima hiyo takataka," alisema.

Bodil hakuzima. Alivuta mkono wa pampu.

Uji wa mbwa ulitoka kwenye mpira kwa nguvu zote ukampiga Vaal usoni. Alifyatua risasi, ikaenda kwa ndege wa baharini. Bodil alikwisharuka. Goti tumboni, kiganja kwenye kifundo cha mkono, Glock ikateleza chini ya lori. Vaal alikuwa na nguvu, akamshika shingo. Bodil akampiga kichwa cha pua. Ikasikika ikivunjika.

"Mikono nyuma."

"Hujui unamgusa nani," Vaal alisema kwa pua iliyojaa damu na uji. "Uliza bosi wako."

"Naenda kumuuliza."

Aliwasha redio, Motorola ndogo ya kifuani.

"Polisi wa bandari, hapa Tranholm, Idara. Gati la kusini, Scania jekundu. Magendo ya minki hai. Simamisheni meli. Leteni madaktari wa mifugo."

"Tranholm, nani katoa kibali?"

"Mimi."

"Tunakuja."

Bodil aliwaachia polisi Vaal. Evald Nørskov alikuwa amesimama karibu na mgahawa wa mabaharia, koti lake la kijani limefungwa mpaka shingoni, kikombe cha karatasi mkononi. Hakukimbia. Alimngoja kama mtu anayengoja mgeni wake.

"Mashine ya kulishia," alisema. "Sikulifikiria hilo."

"Ungewashibisha."

"Februari?" Alionekana ameudhika kwelikweli. "Wewe una wazimu?"

Bastola ya Bodil ilikuwa mkononi, imeelekea chini.

"Sikiliza, binti. Ule ukoo ulimchukua baba yako miaka arobaini. Ungekwisha kwa amri ya watu wasiojua tofauti ya minki na paka. Niliwaokoa. Vaal ana shamba huko mashariki, wangezaa, wangeendelea."

"Na ugonjwa ungeendelea nao."

"Wawili watatu wanakohoa. Ni mafua."

"Ulikuwa unafanya hivyo kwa ajili ya baba."

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Ndiyo maana ukamtia ndani."

Evald alitazama kikombe. "Yule mmoja alitoroka akagongwa. Nilihitaji jina. Mzee wa umri ule hafungwi, Bodil. Miezi kidogo, hakimu anamwonea huruma, anarudi nyumbani."

"Hali chakula."

"Angekula."

"Na mimi?"

"Wewe ningefanyaje? Wangemtuma mtu mwingine, angekagua malori. Wewe ungekwenda nitakapokwambia. Ungekaa tu humo mpaka meli iondoke."

"Ufunguo ungekuwa baharini, Evald."

Kwa mara ya kwanza maishani Bodil alimwona kuwa mzee.

"Nilikubeba kanisani," Evald alisema.

"Nilikuwa mdogo. Sikuwa na njia ya kukataa."

Akamgeuza, akamfunga pingu, akampapasa na kumtoa bastola aliyoivaa chini ya kwapa. Kikombe kilianguka. Kahawa iliganda kabla haijafika mbali.

Aksel aliletwa na gari la polisi. Waliomkamata walimwomba radhi njiani, yeye akawaambia wasijali, wamefanya kazi yao. Walihitaji athibitishe kwamba wanyama ni wa ukoo wake. Alishuka polepole, amevaa kofia ya sufu, mashavu yameingia ndani.

Ukuta wa uongo wa lori ulikuwa umeng'olewa. Vizimba vilipangwa juu chini. Weupe, weupe, weupe, na kila mgongo una msalaba wake.

Mzee aliinama kwenye kizimba cha kwanza. Jike alisimama kwa miguu ya nyuma akanusa. Aksel alipuliza, taratibu, manyoya ya kifua yakafunguka mviringo mpaka yale laini ya ndani yakaonekana. Ndivyo wanavyopima manyoya huku. Hakuna kipimo kingine.

"Wamekondeshwa vizuri," alisema. "Nani aliyewatunza?"

Bodil alikuwa amejiandaa kwa swali hili tangu alipomfunga Evald pingu, na bado halikuwa na njia rahisi.

"Evald."

Aksel hakugeuka. Alipuliza tena, ingawa hapakuwa na haja.

"Siku ile mikono ilikuwa inanitetemeka," alisema. "Nilikuwa nimebakiza kibanda kimoja. Kile cha hawa. Akaniambia, 'Aksel, ingia ndani unywe kahawa, hiki nitakumalizia mimi, usione.' Nikaingia. Nilikaa jikoni nimeziba masikio."

"Baba."

"Nilimshukuru, Bodil. Kila Jumapili akija nilimshukuru. Nilimpa saa ya marehemu baba yangu kwa ajili ya kibanda kile."

Mitungi ya gesi ya kuwaulia minki ilishushwa kutoka kwenye gari la madaktari. Daktari wa mifugo, kijana mwenye barakoa na suti nyeupe, alikaribia akisitasita. Vipimo vilikuwa vimetoka, ugonjwa ulikuwemo.

"Mzee Aksel, inabidi tuanze. Ukipenda unaweza kusubiri pale mgahawani. Kuna kahawa ya moto."

"Hapana," Aksel alisema. "Leo nasimama hapa hapa."

Akasimama. Bodil akasimama kando yake, bega kwa bega, mpaka kizimba cha mwisho. Mara moja tu mzee alisema, "Huyo alikuwa mzuri," na daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

Simu ya Bodil ililia. Makao makuu.

"Tranholm, tumesikia. Nørskov yuko wapi?"

"Gari la polisi, kiti cha nyuma."

"Unahitaji nini kutoka kwetu?"

"Leo, hakuna."

"Ripoti tutaipata lini?"

"Nikishampa mtu chakula."

Alizima simu. Wakapita karibu na gari la polisi. Mtu aliyekuwa ndani aligonga kioo kwa pete, mara moja, mara ya pili. Aksel alisita kidogo, kisha akaendelea kutembea. Bodil hakupunguza mwendo.

Alifungua mlango wa Volvo, akakirudisha nyuma kiti cha abiria kwa ajili ya magoti ya mzee.

"Supu au mkate mweusi na samaki wa siki?" aliuliza.

Aksel alifikiri.

"Vyote," alisema.

Bodil akawasha gari.